Franga ya kuonyesha: namna papa alikosa viza ya kwenda kustaafu Bulaya

Wakuu, salamu kutoka Kindu. Mutanivumilia Kiswahili yangu ya Kongo. Haya niliyaona kwa macho yangu na sina faida yoyote ya kudanganya.

Nimeona mwenzetu humu anauliza namna ya kujaza akaunti ili apate viza ya kustaafu nje. Wote wanamujibu habari ya bank statement.

Mimi nitamujibu habari ya ndugu.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, chama kimoja, kila mutu anaitwa citoyen, raia, hata kama hana sabuni ya kufulia. Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa gari moshi hapa Kindu, akapewa pensheni. Mama alishakufa. Dada yangu Furaha aliolewa na muzungu mumoja, wakahamia Ubelgiji, wakazaa watoto wawili. Papa aliwajua kwa picha tu.

Furaha akaandika: papa aje akae kwangu, azeekee hapa. Papa hakuwa na ndoto nyingine.

Shida ikawa masharti. Muzee anayekwenda kupumzika kule lazima aonyeshe iko na franga, yaani pesa, ya kujitunza, tena ikae kwenye banki miezi kadhaa bila kuguswa. Pensheni? Ile pensheni ilikuwa inakuja siku inayojisikia, na ikifika, bei ya muchele imeshapanda tena.

Tukaenda kwa Papa Kambale. Huyu ni mufanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, duka yake ilikuwa mtaa wa Kasuku hapa Kindu, na papa alimusaidia sana zamani mizigo yake ilipokuwa inakwama kwenye reli. Akakubali kumuazima, bila faida. Alisema neno moja tu:

"Muzee, franga hii inaenda kukaa, haiendi kutembea."

Tukaiweka banki. Sasa wakuu, karani wa pale alikuwa muke wa mutoto wa baba mudogo Kikuni. Mutakamilisha wenyewe. Kabla ya wiki kuisha, Kasuku yote inajua papa ni tajiri.

Hapa niseme ukweli hata kama unaniuma. Papa hakukanusha. Watu wakimuita patron barabarani, anacheka kidogo, anarekebisha kola ya abacost yake, ile koti ya heshima ya wakati ule. Mutu aliyepaka mafuta ya mashine maisha yake yote, leo anapewa kiti cha mbele. Ilimuingia vizuri.

Mara shangazi akafa kule kwenye mji mudogo wa Kama.

Kwetu, kwenye kilio, mwenye nafasi haombwi pembeni. Ukoo unakaa, unanyamaza, kila mutu anamutazama yeye mpaka asimame aseme anabeba nini. Hapa Kindu, tulikokutana kabla ya kwenda Kama, baba mudogo Kikuni, musemaji wa ukoo, akasema kwa upole kabisa kwamba mwaka huu Mungu ametufungulia, tunaye mutu. Halafu kimya. Kimya ile ni mbaya kuliko matusi.

Nilimuvuta papa nyuma ya nyumba. Nikamwambia awaambie tu kwamba ile franga ni ya Papa Kambale. Alinitazama kama nimemuvua nguo.

"Unataka nisimame mbele yao niseme nimeazima hata utajiri?"

Kesho yake akaenda banki.

Akakodi camion, lori, ya kupeleka watu Kama. Akanunua muchele, mbuzi, chumvi, pombe, sanda nzuri. Wakakaa kule wanakula mpaka mifuko ikaisha. Na wana wa shangazi, wachimbaji wa zahabu pale pale Kama, hakuna aliyetoa hata punje. Walikuwa wa kwanza kuuliza nyama iko wapi. Nilikula nao, na kila tonge nilijua ninatafuna viza ya papa.

Konsula ya Ubelgiji, tulikokuwa tumepeleka maombi, wakaomba attestation mupya, barua ya banki ya kuthibitisha franga. Tukapeleka, inaonyesha akaunti imebaki karibu tupu. Wakakataa, na sina la kuwalaumu.

Papa aliuza nyumba kumurudishia Papa Kambale franga yake, akapanga chumba kimoja karibu na reli. Wale waliopanda camion hakuna aliyekuja hata kumusaidia kubeba kitanda. Furaha alipiga hesabu ya kuanza upya, lakini papa alisema ameshachoka kuomba. Watoto wa Furaha walikua bila kumuona.

Akafa pale pale chumbani, miaka michache baadaye.

Kwenye kilio chake, baba mudogo Kikuni akasimama. Nilifikiri anataka kumusifu kaka yake. Akanigeukia mimi, mbele ya watu wote:

"Mutoto, ile franga ya banki iko wapi? Itoe tugawane."

Nikaeleza yote, tangu mwanzo. Wengine wakacheka. Wengine wakasonya. Ukoo ukapatana palepale kwamba nimeila mimi na dada yangu. Nilikuwa nimesimama kando ya jeneza ambalo sikuweza kulinunua. Ni Papa Kambale njo alilinunua. Nilipomutafuta kwa macho aseme hata neno moja, alikuwa ameinamisha kichwa, hakutaka kumuaibisha rafiki yake aliyelala pale.

Mpaka leo wajukuu wa Kikuni hawanisalimu. Wamerithi ile deni ambayo haipo.

Funzo langu ni fupi: ukiazima franga ya kuonyesha, waambie ndugu siku ya kwanza kwamba si yako, hata kama watakudharau. Dharau inapita. Waliokuona tajiri hawatakusamehe kamwe.

Mwenye lake aandike, nitasoma yote. Ila anayetaka kuniambia nisamehe, kwanza anitajie mutu mumoja katika wale aliyeniomba musamaha.