Kipindi cha Fizikia Siku ya Maji

Pampu ya maji ilipokufa tena, mkuu wa shule yetu pale Newala alitangaza mstarini kwamba kila Alhamisi, baada ya mapumziko, wasichana wa kidato cha tatu watateremka bondeni kuchota maji ya jikoni. Alhamisi baada ya mapumziko ilikuwa fizikia, vipindi viwili mfululizo. Mwalimu wa fizikia nilikuwa mimi.

Nilivumilia wiki tatu. Nilifundisha wavulana, madawati ya nyuma matupu, na jioni wasichana wakanakili notisi huku mabega yakiwauma. Wiki ya nne lilikuja somo ambalo sikuwa tayari kulitoa kwa notisi: fuwele zinazotoa umeme zikibanwa. Mimi mwenyewe chuoni nililikariri kwa mchoro wa ubaoni, nikafaulu mtihani bila kuelewa kitu.

Nilikuja kulielewa likizo, Masasi, nilipokaa siku nne kwenye benchi la fundi saa mmoja wa mtaa wa Mkomaindo. Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungulia biashara ya bidhaa za nje, na maduka yalijaa saa za betri, viberiti vya gesi na kadi za sikukuu zinazoimba ukizifunua. Fundi yule, mzee wa Kimakonde aliyeishia darasa la nne, alinifungulia vyote vitatu.

"Mwalimu, humu ndani ni vijiwe na vigae tu," alisema. "Ukivibana, vinatoa umeme. Ukivipa umeme, vinatetemeka. Hakuna uchawi."

Basi Alhamisi ile, wasichana walipoinuka kuchukua ndoo, nilisimama mlangoni.

"Wekeni chini. Kaeni."

Wakatazamana. Mmoja wao, ambaye hakuwahi kusema darasani mpaka aitwe, akauliza, "Mwalimu, na tukichapwa?"

"Wataanza na mimi."

Nikawagawia vitufe vya viberiti vibovu nilivyopewa na fundi, kila kimoja na nyaya zake, pamoja na testa mbili za mafundi umeme, zile bisibisi zenye kitaa ndani. Unaunganisha nyaya kwenye testa, unabonyeza kitufe: tak! Kitaa cha ndani kinawaka chekundu, kinazimika. Darasa likalipuka kwa kelele. Yule binti mkimya akakipasua kitufe chake kwa meno, akatoa kigae cheupe chembamba kama punje ya mchele. "Kumbe kuna nyundo ndani!" akasema. "Inakigonga!"

Kelele zile ndizo zilizomleta mkuu.

"Shikamoo, mkuu," nikasema.

Akatazama ndoo sakafuni. "Maji yako wapi?"

"Bado yako bondeni. Saa tisa nitateremka mwenyewe na darasa zima, wavulana kwa wasichana. Kipindi hiki hatoki mtu."

"Unanipinga mbele ya wanafunzi?"

"Ndiyo, mkuu."

Nililitamka wazi, na hilo hadi leo linanifurahisha.

Binti akamnyooshea kitufe kingine. "Jaribu, mkuu."

Sijui kwa nini alikipokea. Alibonyeza, kitaa kikawaka. Akabonyeza tena. Akakigeuza juu chini. "Betri yake iko wapi?"

"Haina," binti alisema, akamweleza yote, nyundo na kigae, kwa Kiswahili, ingawa somo lilitakiwa kufundishwa kwa Kiingereza. Mkuu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoka.

Saa tisa tuliteremka wote. Wavulana walilalamika kilima kizima, na nusu ya maji yao yakamwagika njiani.

Jumatatu nilipewa barua ya kutakiwa kujieleza. Nilijibu kwa mistari miwili: niliajiriwa kufundisha darasa zima, na ndivyo nilivyofanya. Walimu wenzangu walinisihi niombe radhi, mkubwa ni mkubwa. Sikuomba. Alhamisi iliyofuata wasichana walikaa kwenye madawati yao bila kuambiwa na mtu, na wiki hiyo hiyo zamu za maji zikabandikwa upya, wavulana na wasichana pamoja, baada ya masomo.

Mimi muhula ulipokwisha nilihamishiwa shule moja ya Lisekese, kule Masasi, isiyo na maabara wala kabati la vifaa. Ilikuwa adhabu, na kila mtu alijua. Mkuu wa huko alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, akaniuliza kama ni kweli wanavyosema, kwamba mimi ni mkorofi.

Nikamwambia ni kweli, nikamwomba ratiba ya vipindi.