Siku Darasa Langu Lilipoomba Kuhamia Nyotani

Jamani, aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii acheni niiteme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Igoma, maana wao wanaitia chumvi (kana kwamba haikuwa kali ya kutosha).

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko Igoma, enzi ambazo kwetu televisheni haikuwapo. Likizo moja nikapanda meli kwenda Kisumu kwa kaka yangu, mwenye televisheni, na huko nikanaswa na mchezo wa watu wanaosafiri kwa chombo toka nyota hadi nyota, kila wiki wanagundua dunia mpya. Niliona vipande vitatu tu (cha tatu umeme ulikatika), ila niliporudi mngedhani usukani nilishika mimi. Wanafunzi walikuwa wanasinzia kwa uchovu wa shamba, nikawaahidi: andikeni sentensi tano, niwasimulie safari. Darasa likafurika! Vipande vikaisha, nikabuni vyangu, nikaweka na sayari yenye malisho yanayofika kiunoni na maji yanayobubujika yenyewe.

Mzee Masanja akauliza, "Mwalimu, haya ni ya kweli?"

Ningesema ni maigizo, yangeishia hapo. Lakini mimi na sifa zangu: "Nimeyaona kwa macho yangu, mzee."

Wiki mbili baadaye akaja mkaguzi, Bi Kokugonza, mama asiyejua kucheka. Akauliza darasa limejifunza nini. Mimi nasubiri waseme "kilimo bora", Mzee Masanja akamkabidhi barua, mwandiko safi, sahihi za watu ambao mwaka uliopita walitia dole gumba. Mkaguzi akaisoma kwa sauti: "Ndugu Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa tumeambiwa tuhamie kijiji kipya, na huko hakuna maji, tunaomba tuhamishiwe sayari ya mwalimu."

"Mwalimu, sayari ipi?"

"Ni… ni mchezo wa televisheni, mama. Wale ni waigizaji."

Bibi mmoja wa mbele akasema, "Na yule nahodha aliyekufa? Nimemwombea misa."

"Hakufa, bibi. Nilimuua mimi, hadithi zilikuwa zimeniishia."

Bibi akafunga daftari lake, akatoka, wenzake wakamfuata. Mzee Masanja alibaki mlangoni. "Mwalimu, nilimkataza mke wangu kupanda mihogo."

Mkaguzi akaandika: darasa, vizuri sana; mwalimu, mwongo.

Jumamosi nilipanda mihogo hiyo peke yangu, mke wa mzee amesimama pembeni akinirekebishia mistari. Tangu hapo, mtu akiniuliza kama jambo ni la kweli, najibu sijui, hata akiuliza jina langu.