Mukate wa Noeli Uliotoa Povu

Mimi si mutu wa kuona aibu ovyo. Nilitoka shule mwaka wa pili wa primeri, nikaenda kuchimba dhahabu Bambu, nikarudi na pesa kidogo na meno pungufu, nikanunua mashini ya kusaga unga, nikajenga parseli yangu, nyumba na uwanja wake, hapa mutaa wa Saio, tofali juu ya tofali, na kati ya wasomi wote wa avenue yetu hakuna hata mumoja aliyenishikia mwiko wa simenti. Basi mutu kama huyo akikuambia kwamba siku ya Noeli, akiwa amevaa koti, alitokwa na povu la sabuni mudomoni mbele ya avenue nzima, ujue hasemi kwa kupenda. Nasema kwa sababu wanawake wa parseli yangu wamekwisha kulisema kila mahali, na wanalisema vibaya (wanasema nililia, sikulia, ulikuwa moshi).

Ilikuwa wakati wa vita. Mashini yangu ilikuwa imenyamaza, mazutu ya kuiendesha hakuna, na hata mazutu ingekuwepo, muhindi wa kusaga ungetoka wapi? Zile nyumba mbili ndogo za nyuma nilizokuwa ninapangisha niliwapa wakimbizi bure, kwa moyo wangu muzuri (bibi yangu wa ndoa, Mama Furaha, anasema ni yeye aliyewaingiza na mimi nilikuwa nimelala, tuache hayo). Katika nyumba moja aliingia Mama Dorika na watoto wake, wamekimbia Djugu. Katika ya pili Mama Neema na watoto wake watatu, wametoka upande wa Marabo. Sitaji kabila, mwenye kujua anajua: watu wa huyu walikuwa wamechoma nyumba za watu wa yule, na watu wa yule wakalipiza. Wale wanawake wenyewe hawakuchoma hata takataka. Walisalimiana asubuhi, watoto wao walicheza pamoja, lakini chakula, hapana. Mutoto wa Mama Dorika akipewa kiazi na Mama Neema, mama yake anakichukua polepole, anashukuru, anakwenda kukitupa nyuma ya choo. Ni hofu ya sumu. Wakati ule watu waliogopa sufuria kuliko masasi ya bunduki.

Noeli ilipokaribia, Mama Neema akafunga furushi. Akamwambia bibi yangu kwamba hawezi kuishi mahali ambapo kiazi chake kinatupwa, heri arudi kwao na wanawe. Na njia ya Marabo wakati ule ilikuwa barieri juu ya barieri, na bunduki kwenye kila moja. Tuliwaona watu wakiondoka, hatukusikia wamefika.

Mama Furaha akatafuta akili. Akasema siku ya Noeli kila mama apike chakula alichofundishwa na mama yake, aeleze mbele ya wote kinavyopikwa, kisha tule pamoja. Na sheria iwe ile ya zamani: mwenye sufuria anaonja kwanza, mara tatu, watu wakimuangalia. Mama Dorika akakubali. Mama Neema akakubali pia, lakini furushi hakulifungua. Alisema atangoja Noeli ipite.

Hapo kama ningenyamaza, leo ningekuwa muzee mwenye heshima zake zote. Lakini niliudhika: katika parseli yangu, juu ya tofali zangu, watu wanasifu vyakula vya mama zao na mama yangu hatajwi? Nikasema nyinyi hamujui Noeli ni nini. Mama yangu alikuwa anaoka mukate wa muhindi, anauacha unakauka, anauvunja-vunja, anauchanganya na supu ya kuku, vitunguu, majani ya seleri na mafuta ya mawese, kisha anaurudisha mu sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko. Chakula cha ukoo wetu, nikasema, tangu wazee wa wazee.

Mama Furaha akaniangalia sana.

"Basi pika weye," akasema. "Siye tutakula."

Unga wa mwisho wa mashini yangu nilikuwa nimekwisha kuuoka mukate, umekauka; siku ya Noeli niliamka mapema, nikachinja kuku, nikawafukuza wanawake jikoni. Mama Dorika alinipa makaa ya moto, Mama Neema akanichumia seleri, hayo tu. Chumvi haikuwepo, ilikuwa imepanda bei kama dhahabu, lakini nilikumbuka kwamba mama yangu alitumia maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kidogo tu, mahali pa chumvi. Nyuma ya mulango wetu kulikuwa na bidoni mbili za maji ya majivu. Moja ilikuwa ya chakula. Ya pili, kali, bibi yangu alichemshia mawese kufanya sabuni, kwa sababu sabuni ya duka tulikuwa tumeisahau. Ni ipi? Kuuliza ni neno moja tu. Lakini mimi nimuulize mwanamke, saa ile ile nimemfukuza jikoni? Nikachukua bidoni kubwa, kwa sababu mutu mukubwa anachukua kikubwa, nikamimina kikombe kizima, nikaongeza mawese bila kupima, ili wajue kwangu hakuna njaa. Kuonja sikuonja. Nilijiambia kwamba mwanaume anapika kwa macho.

Ule mukate ukavimba. Ukainua kifuniko pamoja na makaa yake, nikaita watoto waje waone chakula cha wakubwa. Na harufu yake niliijua kabisa, sikukumbuka tu niliijulia wapi, nikadhani ni harufu ya utoto wangu.

Watu walipotoka kanisani, nusu ya avenue ilibeba viti ikaja kwetu, kwa sababu habari ilikuwa imetembea kwamba muzee amepika. Nikasema mwenye parseli ndiye anaanza. Nikasimama na koti langu, nikaeleza namna ya kupika, nikaapa kwa kaburi la mama yangu, nikaonja. Tonge la kwanza liliniuma ulimi. La pili liliteleza lenyewe kama samaki. La tatu ilikuwa sheria, nikalimeza nimefumba macho, kisha nikafungua mudomo ili niseme ni tamu, na neno halikutoka. Likatoka povu. Likashuka kwenye kidevu, likashuka kwenye tai.

"Papa iko anatoa mapovu," mutoto mumoja akasema.

Ndipo jirani mumoja akatamka lile neno, sumu, na viti vikaanguka. Mama Dorika akavuta watoto wake nyuma. Yule jirani akauliza majani ya kijani yale yametoka mukononi mwa nani, na wote wakageuka kumutazama Mama Neema.

"Nilitoa seleri tu," akasema, kwa sauti ya chini sana, na mukono wake tayari uko juu ya furushi alilokuja nalo.

Sasa niwaambie aibu yangu yenyewe, kwa sababu ile ya povu ni ndogo. Nilinyamaza. Si muda murefu, lakini nilinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuelewa ni harufu gani ile, nikafikiri: muzee aliyelishwa sumu watu wanamuhurumia, muzee aliyepika sabuni watamucheka mpaka azikwe. Nilifikiri hivyo, na yule mwanamke anamutafuta mutoto wake wa mwisho amubebe mugongoni.

"Ni sabuni," nikasema. Povu lingine likatoka. "Nimechukua bidoni ya sabuni. Sikuuliza."

Yule jirani hakusadiki. Mutu aliyefundishwa na mama yake atakoseaje bidoni? Basi ikabidi niseme yote: kwamba mama hakunifundisha kitu, kwamba chakula chenyewe si cha ukoo, mama alikuwa mupishi wa Madamu mumoja, mumisionari wa Amerika, na ni Madamu huyo aliyekuwa anapika ule mukate kila Noeli, na mimi nilikula mabaki tu mulangoni mwa jiko.

Mama Furaha akasogelea sufuria. Alichota mukate kidogo, akaenda kwenye beseni, akanawa mikono, akaiinua juu. Povu jeupe, zuri.

"Sabuni imeshika," akasema. "Hata yangu haitokaka hivi."

Mama Dorika ndiye alicheka kwanza, akacheka mpaka akakaa chini, na avenue nzima nyuma yake. Mimi nilikuwa ninaungua, na maji niliyopewa yaliongeza povu tu. Mama Neema akaacha furushi, akafunua sufuria yake, sombe na ndakala, majani ya muhogo na visamaki vikavu, akanitia kijiko mudomoni bila kuonja hata mara moja. Sheria aliisahau. Mimi nikameza.

Mama Dorika akajifuta machozi, akanyoosha mukono, akachota katika sufuria ile ile. Hakuna aliyemutuma. Akatafuna, akatafuna tena.

"Chumvi ulipata wapi, weye?"

"Kaa vizuri nikuambie," Mama Neema akasema.

Wakaongea mambo ya sombe mpaka jua likainama, na mimi mwenye parseli hakuna aliyeniuliza kitu. Furushi lilifunguliwa kesho yake, kwa sababu nguo za watoto zilipaswa kufuliwa kwa ajili ya Bonané, siku ya mwaka mupya. Zilifuliwa na mukate wangu. Mama Furaha aliukata vipande, akagawa sawasawa kwa nyumba zote tatu, ukatosha mpaka mwezi wa pili.

Tangu siku ile, mimi jikoni siingii bila kupiga hodi, na bidoni sigusi kabla ya kuuliza, hata ikiwa ya maji ya kunywa. Mukate wa Madamu mpaka leo sijui unapikwaje. Anayejua aje kutufundisha, lakini amufundishe bibi yangu. Mimi nitakaa mulangoni, kama zamani.