Beberu wa Bile Katikati ya Umoja wa Wanawake

Mzee Gachanja alikuwa mpiga picha wetu pale Mbotela, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kumwambia mtu acheke. Alisema mtu akicheka husogea, na akisogea hutoka na nyuso mbili. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Alijifunika kitambaa cheusi kichwani, akatupigia kelele kutoka humo ndani. Kazi alifundishwa na Mgoa mmoja wa mjini, baada ya kumbebea ile miguu mitatu miaka saba.

Filamu yake ilikuwa kipande kikubwa kama daftari la shule, na kila kipande kilitoa picha moja tu. Alikitia gizani ndani ya kasha jembamba lenye vifuniko vya kuchomoa, filamu moja upande huu, nyingine upande ule. Kila kifuniko kilikuwa cheupe upande mmoja, cheusi upande wa pili. Cheupe kikitazama nje, filamu ni mpya. Akishapiga, anakigeuza, cheusi kinatazama nje. Kwa ajili hiyo hakuandika kitu chochote mahali popote, na alijivunia jambo hilo.

Mwaka wa 1979 Mama Mbeti, mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake kanisani kwetu, alistaafu kazi akawa anarudi kwao Mbeere kabisa. Alitaka kitu kimoja, picha yetu sote kumi na tisa. Vile vipicha vya kamera za mkononi hakuvitaka. Macho yake yalikuwa yamefifia, na humo aliona vitambaa vya kichwa tu.

"Nataka nyuso," akasema. "Kule hakuna wa kuniambia huyu ni nani."

Gachanja alikuwa amebaki na filamu mbili, zote katika kasha moja. Duka la mjini lilimwambia nyingine zinakuja na meli, mwezi ujao au ule mwingine. Jumamosi akatumia moja Kiamaiko kwa Bile, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyetaka picha na beberu wake mweupe kabla hajamuuza. Walimpandisha beberu juu ya mkokoteni ili aonekane vizuri. Alipokwisha kupigwa picha akaruka chini, akaja moja kwa moja kwenye kamera. Gachanja akachomeka kifuniko mbio mbio bila kukigeuza, akakumbatia sanduku lake, akaondoka.

Jumapili baada ya ibada tukajipanga mbele ya ukuta mweupe wa kanisa, na magauni yetu meusi. Nduta, katibu wetu, alisimama karibu na Mama Mbeti kama kawaida yake. Gachanja akatazama kasha, akaona cheupe, akaridhika.

"Msipumue!" akapiga kelele. Hatukupumua.

Alasiri ile akaziba dirisha kwa blanketi, akaosha filamu zote mbili kwa dawa zake. Moja ikatoka tupu kama kioo. Nyingine ikatoka na watu wote wa juma lile.

Jumatatu Mama Mbeti akaja kuuliza, nami na Nduta tukamsindikiza. Gachanja hakujificha. Akatuonyesha picha ya kwanza, ingali na maji.

"Huyu ni nani?" Mama Mbeti akauliza.

"Ni beberu, mama."

"Wa kanisa gani?"

"Wa Bile. Nimewapiga juu yake. Kosa ni langu."

"Na Bile mwenyewe yuko wapi?" akauliza Nduta.

"Amemezwa na weupe wa ukuta. Yamebaki magoti na viatu."

Mama Mbeti alikuwa anaondoka Jumatano. Gachanja akaomba siku moja. Akakaa mlangoni na wembe, akaikwangua filamu pole pole, maana panapokwanguliwa hutoka peusi kwenye karatasi. Kufikia Jumanne mchana, tuliporudi kwake sote watatu, mwili wa beberu ulikuwa umezama ndani ya magauni yetu. Kilibaki kichwa, na kichwa kilikuwa juu ya uso wa Nduta. Macho yalikuwa ya Nduta. Pembe na ndevu hazikuwa zake.

"Hapa nikikwangua, Nduta anaenda pamoja na mbuzi," akasema Gachanja.

"Nitoe tu, Mzee," Nduta akasema. "Mama apate picha safi. Mimi ananijua."

"Wewe nyamaza," akasema Mama Mbeti. "Miaka ishirini umekaa hapa kando yangu. Nikafike Mbeere nione shimo jeusi? Fundi, weka wembe chini. Acha mbuzi."

"Mama, watu watacheka," akasema Gachanja.

"Na wacheke. Nyuso ni kumi na tisa?"

"Ishirini, pamoja na beberu."

"Basi."

Gachanja akalaza filamu juu ya karatasi ya picha, akafunika kwa kioo, akawasha taa, akahesabu, akazima, akaosha. Bile alipopelekewa nakala yake alitazama magoti yake muda mrefu, akasema viatu vimetoka vizuri.

Jumatano asubuhi, mizigo ikiwa tayari mlangoni, Mama Mbeti aliinua picha ile karibu na pua yake, akapita na kidole uso hadi uso. Kavata. Nangila. Mirriam. Hakukosea hata mmoja. Alipofika kando yake mwenyewe akasimamisha kidole.

"Na huyu ni Nduta wangu," akasema, akaifunga picha ndani ya leso.