Mzee wa Upande wa Kulia

Kisa hakuzaliwa Mwaya. Aliolewa huko akitokea Ndandalo, na kitu cha kwanza alichofundishwa na wifi zake hakikuwa kupika wala kupandikiza mpunga. Kilikuwa namna ya kutoka njiani. Ukisikia kikohozi cha baba mkwe unavuta kitenge juu ya kichwa, unaingia migombani, unampa kisogo mpaka apite. Wenyewe huita kutila. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, mkwe na mkamwana wanakula chungu kimoja, lakini baba mkwe wake, Mzee Anyosisye, hakulegeza, na kwake hapakuwa mahali pa kubishana.

Kwa miaka tisa Kisa alimjua vipandevipande: kikohozi kikavu cha mara mbili, fimbo yenye ncha ya chuma, buti za mpira alizoziona chini ya upindo wa kitenge. Uso hakuwahi kuuona, na wala hakuutaka. Wanawake wa pale walisema anayemtazama baba mkwe usoni mimba yake haikai. Yeye alikuwa amepoteza mbili bila kumtazama mtu yeyote, kwa hiyo maneno hayo hakuyameza yote. Lakini mchuuzi mwenye akili haachi kushona mdomo wa gunia eti kwa sababu safari iliyopita lilivujia chini. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi mitano, na alikuwa akiilinda kila upande.

Kazi yake ilikuwa mchele. Aliununua mashambani na kuuza sokoni Bondeni, na wateja wa mbali walitaka kuona punje kabla ya kukubali. Ndipo alipotafuta simu yenye kamera nzuri, akapatana siku tatu na Mmalawi mmoja pale mpakani. Kioo kilikuwa na ufa, na Kisa aliusema ule ufa mpaka mwenye simu akaanza kuuonea aibu. Kamera yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Picha zake za kwanza zilikuwa mbovu hata hivyo, na aliyemwambia ukweli ni Hezroni, mwenye kibanda cha kusafisha picha pale Bondeni. Alimwambia mchele wake unaonekana kama majivu, halafu akamwingiza kwenye kundi la simu liitwalo Mwanga wa Ziwa.

Walikuwa watu kama sitini, toka Kyela mpaka Karonga ng'ambo ya mpaka, wakulima, walimu, wauza samaki, wote wakipiga picha kwa kupenda tu. Kila mmoja aliweka picha moja asubuhi, na kanuni ilikuwa moja. Unataja kwanza kilicho kizuri, halafu kosa moja. Moja tu, alisema Hezroni, maana ukimpa mtu makosa matano, kesho anashika simu mkono unatetemeka. Kisa aliipenda kanuni hiyo. Alijifunza kutoka mapema jua likiwa chini, kupiga magoti, kutokuweka kila kitu katikati kama picha ya kitambulisho. Ushauri ulikuwa wa bure na ulikuwa na uzito kamili, vitu viwili ambavyo hakuwahi kuvikuta pamoja sokoni.

Siku moja ya mwezi wa pili aliweka picha ya jaruba la mpunga lenye ukungu, na migomba ya nyumbani kulia. Hezroni akaandika, "Ukungu umeukamata, dada. Kosa ni moja, yule mzee wa kulia umemkata mguu. Mwombe asogee ndani."

Kisa hakuwa ameona mzee. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili, na kweli, kati ya shina na shina alisimama mtu mrefu, koti limefika magotini, fimbo mkononi, ametazama moja kwa moja kwenye kamera. Uso ulikuwa wa makunyanzi na haukuwa na hasira wala furaha. Akafikiri ni mpita njia, akaandika ndaga, yaani asante, kwa ushauri, akaenda sokoni.

Baada ya siku nne alipiga picha ya ziwa kutoka ufukweni. Kungu walikuwa wameinuka siku hiyo, wale wadudu wadogo wanaosimama juu ya maji kama moshi wa moto usiokuwepo, na nyuma yao milima ya Ukinga imefifia. Alijua alikuwa peke yake, maana alikagua mchanga kabla ya kupiga na nyayo zilikuwa zake tu. Neema wa Karonga akasifu, "Leo mzee wako umempanga vizuri." Alikuwepo kulia, miguu mizima safari hii, kama mtu aliyesikia maelekezo.

Akatokea katika picha nyingine tatu, na kundi likampenda. Wakamwita Mzee wa Kulia. Walimtia Kisa moyo aendelee hivyo hivyo, kwamba mpiga picha akishapata alama yake asiiachie, kwamba yule mzee ana utulivu ambao watu wengine huutafuta mwaka mzima. Neema alitania kuwa mzee huyo anamtaka awe mke mdogo. Kisa alicheka pamoja nao kwa maandishi, lakini kifua chake hakikucheka. Kwa watu wote wa Mwaya, ni mzee mmoja tu ambaye angeweza kusimama mbele yake mchana kweupe asimjue.

Kama ndiye, basi alikuwa ameshauangalia uso wa baba mkwe mara tano, na kuukuza, na kuwaonyesha watu sitini, na mtoto akiwa tumboni.

Kwa hesabu ya kawaida haikuwezekana. Mzee Anyosisye alikuwa kitandani tangu wiki ya kupandikiza mpunga, na chakula kilimfuata chumbani. Kisa alifikiria kumtumia picha mumewe Anangisye, aliyekuwa upande wa Malawi akinunua maharage, lakini akaona kuwa kumuuliza ni sawa na kukiri. Mume ni mume, ila baba yake ni baba yake. Akampelekea mama mkwe, Mama Marta, ambaye macho yake yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho na hakuona zaidi ya umbo.

Marta aliisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua. Akakaa nayo muda mrefu.

"Uso siuoni, mwanangu. Koti nalijua."

Alisema ni koti la baba mkwe wake yeye, alilorudi nalo kutoka migodini kusini. Miaka kumi na saba alilikwepa njiani akiwa amefunika kichwa, kwa hiyo hata angekuwa na macho ya kunguru, uso wa mwenye koti asingeujua. Mwenye koti alikufa zamani, Anangisye hajazaliwa, akazikwa pale pale migombani. Hakuacha picha.

Kisa akauliza koti liko wapi.

"Liko msumarini, chumbani kwa mzee," alisema Marta. "Siku hizi upindo wake una unyevu. Nadhani bati linavuja."

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku kumi.

Aliyebaki wa kusema ni mgonjwa mwenyewe. Marta alichukua simu akaingia nayo, na Kisa akasimama nje, mgongo ukutani, kitenge kimemfika kidevuni. Alisikia kikohozi, mara mbili. Kisha sauti ya Mzee Anyosisye ikatoka dirishani, na ingawa ilimwambia mkewe, ilipandishwa makusudi imfikie aliye nje.

"Mwambie huyo ni baba yangu. Babu wa mume ni mtani, hana mwiko. Atazame akitaka."

Ilitoka upesi mno. Kisa alikuwa ameishi kwa kupatana, na alijua kwamba bei inayotajwa kabla hujauliza mara mbili imeandaliwa nyumbani. Huenda mzee alikuwa akijinyanyua alfajiri, akivaa koti la baba yake na kwenda kusimama mbele ya kamera asiyoweza kuiomba. Huenda sasa alikuwa akimfungua mkamwana wake kwa uongo, ili mtoto akae. Au huenda alisema kweli, na hilo nalo halikuwa jepesi. Kisa alipima pande zote mbili akaona kwamba kwa vyovyote yeye ndiye anayefaidi. "Ndaga, tata," aliuambia ukuta. Hakuomba nyongeza.

Mzee alikufa mwezi wa nne. Picha ya kuweka juu ya jeneza haikuwepo, ikabidi Anangisye apeleke kadi ya mpiga kura ya marehemu Bondeni, na Hezroni akaikuza na kuitia fremu. Msibani Kisa alipita mbele ya fremu hiyo kama alivyompita mwenyewe miaka tisa, macho chini. Watu waliona adabu. Mzee alizikwa kando ya baba yake, na kwa agizo lake lile koti likaenda naye.

Siku arobaini zilipopita, Kisa alitoka tena na simu, tumbo limetangulia. Alipiga picha ya njia ya kwenda ziwani, mwanga umelala juu ya umande, akaituma bila kuikagua, akaanza kurudi nyumbani. Neema akasifu umande. Wengine wakamkaribisha, wakamwambia kazi yake haijaota kutu. Ilionekana Hezroni anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Mwanga mzuri, dada. Kosa sijaliona. Ila leo wako wawili. Yule wa koti, na wa pili ni yule niliyemtia kwenye fremu."

Kisa alisimama katikati ya njia. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kibiashara: basi mzee alisema kweli, hakumpunja. La pili lilichelewa kidogo. Kama wa koti ni babu, basi huyu mwingine ndiye, na huyu hakuna aliyemwondolea mwiko wake.

Hakuikuza picha. Aliigeuza simu kifudifudi kwenye kiganja, akavuta kitenge juu ya kichwa, akaingia migombani na kuipa njia kisogo. Hakusikia fimbo wala kikohozi. Alikaa hivyo muda unaotosha wazee wawili kupita, wasio na haraka.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita, wa kike, kilo tatu na robo, na sauti ya kupigia mnada. Kisa bado anapiga picha kila asubuhi, lakini siku hizi anaziba upande wa kulia wa kioo kwa kidole gumba na kuukata kabla ya kutazama kilichobaki. Picha zake zimekuwa nyembamba. Wageni wa kundi humshauri kwa upole aache nafasi kulia, picha ipumue, naye huwashukuru wote. Hezroni hajawahi kumkosoa hilo hata mara moja.