Kibao cha Ruhusa

Wanafunzi walimwita Bi Bado, na jina hilo alilipata kihalali. Mtoto akinyoosha mkono huku amebana mapaja, jibu lilikuwa lile lile: bado. Bado hajamaliza sentensi ubaoni, bado kengele haijalia, bado yule aliyetangulia hajarudi na kibao. Maana darasani kwake hakuna aliyekwenda chooni bila kuvaa kibao shingoni, kipande cha mbao ya dawati bovu kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani. Kibao kilikuwa kimoja tu, na watoto walijaa hadi dirishani. Tena aliyekivaa alikilipia: wakati wa mapumziko wenzake walikimbilia uwanjani, yeye akabaki kufuta ubao.

Tusimsingizie, hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza kazini aliwaruhusu wavulana wawili waende haja, wakaruka ukuta, wakaonekana sokoni. Mwalimu mkuu alimsema mbele ya wazazi kama anavyosemwa mtoto. Mwingine angelia akasahau. Yeye alilia, akatafuta msumeno, akakata kibao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa, lakini huyu aliuchapa unyasi kila siku mpaka nywele zikaingia mvi.

Nyumbani alibaki na mjukuu tu. Mume alishatangulia mbele ya haki, na binti yake, mwoka mikate, aliingia kazini alfajiri, hivyo siku za shule mtoto alilala kwa bibi na kusoma darasani kwa bibi. Bi Bado alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alimsuka kwa mikono yake, alimmenyea machungwa, na bila mtoto huyo angekuwa anajipikia peke yake. Lakini wakivuka geti la shule, upendo ulibaki nje. Mjukuu alimwita mwalimu kama wengine, asije mtu akasema anapendelea damu yake.

Mtoto naye alijitafutia dawa. Aliacha kunywa. Chai aliigusa kwa midomo akairudisha mezani, maji ya shule akayamwagia maua. Bibi aliona, akadhani ni madeko. Mwisho mtoto akawa analia kila akikojoa, homa ikampanda, na daktari akamweleza mama yake waziwazi: mtoto anabana mkojo na hanywi maji. Anywe, na akibanwa aende papo hapo.

Binti alikuja jioni ileile, unga ungali kwenye nyusi, akakataa kiti.

"Mama, mtoto akibanwa mwache aende. Bila kibao, bila kufuta ubao."

"Nikimwachia yeye, kesho darasa zima lina ugonjwa."

"Basi waachie wote."

"Siku utakayofundisha wewe, utawaachia."

Binti alimwambia kwamba hasemi mara mbili: akisikia mtoto amezuiwa tena, anamchukua moja kwa moja, na bibi abaki na kibao chake. Jibu kali lilishafika kwenye ncha ya ulimi wa Bi Bado. Akamtazama mjukuu, akaogopa, akalimeza. Alikubali, lakini kwa mjukuu tu, alisema. Wengine wana wazazi wao.

Na kweli, shuleni alimwachia. Ila wenzake walimkodolea macho kila alipotoka shingo tupu, wakamnunia, na baada ya siku chache mtoto akaacha kutoka.

Ijumaa, kabla binti hajaja kumchukua mtoto kwa mwisho wa juma, Bi Bado alikuwa nyumbani, mezani, akisahihisha madaftari. Nyuma yake, kwenye ujia mwembamba wa kwenda chooni, sauti ndogo ikaita, "Mwalimu." Hakugeuka. Kalamu nyekundu ikiwa mkononi, aliinua kiganja cha mkono wa pili kumwashiria asubiri, kama alivyofanya maisha yake yote, akaendelea na hesabu za mtoto wa mtu.

Mlango wa mbele ulipofunguliwa ndipo alipogeuka. Binti alikuwa amesimama kizingitini, hamtazami yeye. Mtoto alikuwa kando ya choo, mlango wa choo u wazi, sketi imelowa, mkojo umefika vidole vya miguu, na mkono ungali juu. Bi Bado alitafuta la kusema, akaambulia la mazoea, kwamba msichana mkubwa vile hajikojolei.

Binti hakupaza sauti. Alikwenda akaushusha ule mkono taratibu, maana mtoto mwenyewe hakuushusha.

"Hapa ni nyumbani, mama," alisema. "Na alikuomba."

Akambeba mtoto na ubichi wake, begi hakuligusa. Bi Bado aliwafuata hadi nje, akimwita mjukuu kwa jina la kumbembelezea. Mtoto hakumtazama. Alikuwa ameuficha uso shingoni mwa mama yake, anamwomba msamaha.

"Sitakunywa tena, mama," alikuwa akisema. "Sitakunywa tena."