Twende Tukachokee Nje

Mama yangu amekuja Doha kunitembelea, na kwa kuwa ni majira ya baridi, kila Ijumaa baada ya alasiri mume wangu hutushusha Kornishi, njia ya kando ya bahari, tukanyooshe miguu. Utanicheka nikikwambia, lakini mtu wa Tanga akifika huku Ghuba, kitu cha kwanza anachokilalamikia si joto wala chakula. Ni bahari.

"Bahari gani hii haisemi?" aliniuliza Ijumaa iliyopita, ushungi ameuvuta mpaka kidevuni. Maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni. Tulikaa ukutani na vikombe vyetu vya karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki, na mama akasema bila kunitazama, "Ile ya Japani ilikuwa ikinguruma mpaka silali."

Nilishtuka. Mimi na mama Japani hatuitaji. Tuliishi kule nikiwa mdogo, ndio kwanza nimeanza shule, kwa sababu baba alikuwa ofisa wa uvuvi na alipelekwa kusoma. Kila mtu mtaani alituonea wivu. Bibi yangu tu ndiye aliyesema, "Haya, nendeni, ila mgeni ni kipofu."

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya mlima na bahari, nyumba zimepandana kama ngazi. Sisi tulikaa juu, na chini alikaa mwenye nyumba, mama mmoja mjane aliyekausha samaki wa kuuza. Aliwapasua, akawatandaza juani kwenye nyavu, ng'onda watupu kama wa kwetu. Nilimwita Bibi kwa Kijapani, kama watoto wote wa mtaa ule walivyomwita. Jioni, vipaza sauti vya mji vilipiga wimbo mmoja taratibu, ukasikika mpaka mlimani, na sisi watoto tukajua ni saa ya kurudi nyumbani. Harufu ya samaki, wimbo ule, na makapu ya mwani yakichuruzika maji mlangoni: hapo ndipo nilipojifunza lugha yao, mchezoni, bila kujua kwamba najifunza.

Mama hakujifunza. Alifika akiwa mjamzito, na wakati wa theluji akaenda hospitali usiku. Mimi sikuambiwa kitu. Nilichokiona ni kwamba mama alirudi, tumbo halipo, na mtoto hayupo. Baba aliondoka alfajiri na kurudi na giza, masomo hayakumsubiri. Nami nikitoka shule namkuta mama amelala vilevile nilivyomwacha, uso ukutani, pazia halijafunguliwa. Theluji ikayeyuka, miti ya njia ya shule ikachanua, na mama hajatoka.

Jumapili moja baba alikuwa safarini na chombo cha mafunzo. Bibi mwenye nyumba akapanda ngazi, akabisha, akaingia. Aliviona viatu vya mama pale mlangoni, akainama, akavigeuza vielekee nje. Kisha akaniambia, "Mwambie mama yako leo hali ya hewa ni nzuri."

Nikamwambia.

"Mwambie nimechoka," mama akajibu.

Nikafasiri. Bibi akafikiri kidogo. "Mwambie hata mimi nimechoka. Twende tukachokee nje."

Sijui ni ule ujeuri wake au ni haya ya kumkatalia mtu mzima aliyesimama mlangoni. Mama aliinuka, akavaa koti la baba juu ya dira lake, tukashuka.

Basi lilituacha mwisho wa barabara, na kutoka pale kulikuwa na njia ya miguu juu ya majabali, ambayo siku za mapumziko watu wa mjini waliijia kutoka mbali. Mawe yalikuwa meusi, yamesimama wima kama magogo yaliyopangwa, na chini mawimbi yalipiga mpaka unahisi kwenye nyayo. Tulifika kwenye daraja la kuning'inia. Mimi nilikimbia nikavuka. Mama aligoma. Bibi hakumvuta; alisimama mbele yake akampa mgongo, akaonesha mabega yake kwa kidole. Mama akayashika, wakavuka hivyo, mmoja nyuma ya mwenzake, polepole, kama watoto wanaocheza treni.

Ng'ambo, ndani ya upenyo wa mwamba, palikuwa na sanamu ndogo ndogo za mawe, nyingi, zimevikwa kofia nyekundu za kufuma. Nilidhani ni vitu vya kuchezea. Bibi akaniambia nimweleze mama kwamba mawe yale huwekwa na akina mama kwa ajili ya watoto ambao hawakukaa. Kisha akanyoosha vidole viwili, akajigusa kifua.

Nilifasiri kama nilivyoelewa. "Anasema ni ya watoto ambao hawakukaa. Wa kwake ni wawili."

Mama aliniambia nikaokote kombe pale chini njiani, nisisogee ukingoni. Nilipogeuka nilimwona amelipa mgongo lile pango, ameielekea bahari, amenyanyua mikono anaomba dua. Bibi alikuwa pembeni yake, amefunga viganja kwa namna yao. Baadaye waliketi juu ya jiwe, wamegusana mabega. Nilisikia mama akilia kwa sauti, kilio hasa cha kwetu. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza.

Tulikula karibu na mnara wa taa, kwenye nyasi. Bibi alitoa wali uliofinyangwa, umefungwa kwa mwani. Mama aliugeuza geuza mkononi. Kwao kijijini wanawake walilima mwani, wakaukausha, wakauza, na hakuna aliyewahi kuutia mdomoni. "Kumbe huku ndiko unakoishia," alisema. Akaunyanyua aume, na hapo hapo mwewe akashuka kutoka nyuma, akaupokonya mkononi mwake, akaenda zake. Mama alibaki na vidole vitupu hewani. Bibi akapiga makofi, akamtukana yule ndege tusi ambalo sikulifasiri, na mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali kwenye nyasi.

Nisikudanganye kwamba alipona siku ile. Kuna siku alirudi kulala uso ukutani. Lakini Jumapili zikawa za kutembea. Tulichovya miguu kwenye kibwawa cha maji ya moto yaliyotoka ardhini, pembeni kabisa ya bahari baridi. Tulipanda ngazi za mawe kutazama meli. Tulikula machenza barabarani. Wale wawili walizungumza kila mmoja kwa lugha yake, nikaacha kufasiri kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Kisha masomo ya baba yakaisha, tukarudi Tanga.

Mwaka jana mgeni mmoja wa Kijapani alifika pale hotelini kwetu The Pearl, ninapofanya kazi ya mapokezi. Nikamsalimu kwa lugha yake, akashangaa, tukaanza kuzungumza. Mji ule anaujua. Daraja lipo, alisema, na watalii wanafika kwa magari yao. Basi limekatishwa. Shule imefungwa kwa kukosa watoto, na mtaani kwetu nyumba nyingi zimebaki na milango imefungwa.

Hayo ndiyo niliyomsimulia mama pale Kornishi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na yeye, yule bibi?"

"Alikuwa mzee toka wakati ule, mama."

"Jina lake nani? Nimrehemu kwa jina lake."

Nikamtazama. Mimi nilidhani yeye ndiye anayelijua. Yeye alidhani mimi, niliyekuwa nikisema naye. Baba ndiye aliyeandikiana naye mkataba, na baba tumeshamzika.

"Mimi sikumuuliza," mama alisema. "Lakini yeye aliniuliza. Siku ile kwenye mawe, wewe uko chini na makombe yako. Alionesha tumbo langu, akaonesha mdomo wake. Nikajua anataka jina la mtoto. Hata baba yako sikuwahi kumwambia kwamba nilimpa jina. Nikamtajia. Akalikosea, akalirudia, akalikosea, mpaka akalipata."

Kikombe kilikuwa kimepoa mkononi mwangu. Mdogo wangu alikuwa na jina miaka yote hii, na aliyelijua, ukimtoa mama, ni mtu mmoja tu upande wa pili wa dunia, ambaye sasa hayupo.

"Aliitwa nani?" nikauliza.

"Zuhura," mama akasema.

Nikalisema na mimi, taratibu, nisilikosee.